Naoshima au Fogo? Tajiri akitaka kufufua kijiji kwa sanaa, aige ipi

Swali lenyewe liko hivi: mtu ana hela, kijiji kinapungua watu kila mwaka, vijana wameshaondoka, shule ina watoto wachache, na sasa kuna anayesema tujaribu sanaa. Aanzie wapi? Kwa upande wangu naona mifano miwili imefika mbali kuliko mingine, kisiwa cha Naoshima kule Japani na kisiwa cha Fogo kule Kanada, na inafaa kuwekwa pamoja kwa sababu kwa nje inafanana sana (kisiwa kidogo, tajiri mmoja, majengo ya ajabu pembeni ya bahari, wageni wanatoka dunia nzima) alafu ukichungulia ndani unakuta ni vitu viwili tofauti kabisa. Hii mingine kama Marfa (Marekani) na Inhotim (Brazili) nitaigusa tu kwa sababu ina somo lake, na kuna mmoja wa Senegal ambao ni mdogo lakini kwa mwenye bajeti ya kawaida huenda ndo wa kuangalia zaidi.

Tuanze na matajiri wenyewe maana watu wengi hupenda kuanzia hapo, anaishije, nyumba yake ikoje, ana ndege au hana.

Zita Cobb wa Fogo ni mtoto wa mvuvi. Amezaliwa kijiji cha Joe Batt's Arm, kisiwa kiko pwani ya Newfoundland, akakulia nyumba isiyo na umeme, baba yake hakujua kusoma. Akaenda Ottawa kusoma biashara, akapanda mpaka akawa mmoja wa wakuu wa JDS Uniphase, kampuni ya vifaa vya nyaya za faiba zile zinazobeba intaneti, na kwa sababu ilikuwa ile miaka hisa za teknolojia zinapaa alipoondoka 2001 alikuwa na makumi ya mamilioni ya dola na umri wake miaka arobaini na kidogo tu. Akanunua mashua akazunguka baharini miaka kadhaa. Angeweza kuishia hapo, wengi wanaishia hapo. Yeye akarudi kisiwani. Leo anaishi kulekule, na ile hoteli maarufu ya kisiwani, Fogo Island Inn, ambayo watu hudhani ni yake si yake, hachukui faida.

Soichiro Fukutake yeye alizaliwa kwenye biashara tayari. Baba yake Tetsuhiko alikuwa na kampuni ya uchapishaji Okayama, vitabu vya wanafunzi na mitihani, kampuni ambayo baadaye ikaitwa Benesse. Mwaka 1985 baba akakutana na meya wa Naoshima, Chikatsugu Miyake, wakakubaliana kufanya upande wa kusini wa kisiwa uwe sehemu nzuri ya utamaduni na watoto. Mwaka uliofuata baba akafariki, kijana akatoka Tokyo akarudi Okayama kuchukua kampuni, na ahadi ya baba akaibeba yeye. Ni mkusanyaji wa sanaa wa kiwango cha juu, ana michoro ya Monet, na baadaye alihamia kuishi New Zealand.

Sasa hapo mtu atasema haraka, basi Cobb ni bora, yuko na watu wake, huyu mwingine amehamia mbali. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Kuishi na watu kunasaidia sana, unasikia malalamiko dukani kabla hayajafika kwenye kikao, ila nimeona (kwenye hii mifano yote) kwamba maisha ya tajiri, yawe ya kifahari au ya kawaida, hayakuambii sana kijiji kitapata nini. Kinachokuambia ni mambo mawili: watu wa pale wameshika nini kwa mikono yao ndani ya hiyo sanaa, na hela inayobaki mwisho wa mwaka inaenda wapi. Mengine yote ni mapambo.

Kabla ya kwenda huko kwenye mikono na hela, lazima tuseme kidogo vijiji vyenyewe vilikuwa na ugonjwa gani, maana dawa inategemea ugonjwa.

Fogo iliishi kwa samaki, zaidi ya miaka mia tatu. Miaka ya 1960 serikali ilitaka watu wahame visiwa vidogo, watu wa Fogo wakagoma, wakaanzisha ushirika wao wa uvuvi mwaka 1967 na ule ushirika upo mpaka leo. Kuna filamu fupifupi zilipigwa pale miaka hiyo na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, watu wa vijiji mbalimbali wakaonyeshwa wenzao wanasema nini, wakagundua kumbe shida ni moja. Alafu 1992 Kanada ikafunga uvuvi wa yule samaki mkuu wa pale kwa sababu amekwisha baharini, meli kubwa zimemmaliza, na kwa mkoa mzima watu kama 30,000 wakakosa kazi. Kwa hiyo Cobb anaporudi anakuta watu wenye ushirika na wenye historia ya kukataa kuhamishwa, wamepungukiwa kazi tu. Hilo ni jambo kubwa sana. Tajiri anayefikiri ataenda kupanda mradi kama huu mahali ambapo watu hawajawahi kukaa kikao kimoja wakaelewana ajiandae kusubiri.

Naoshima hali ilikuwa nyingine. Kaskazini mwa kisiwa kuna kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Mitsubishi tangu 1917, kilileta ajira na kilileta moshi uliokausha milima ya pale na visiwa vya jirani. Jirani yake Teshima ndo kulitupwa taka za viwandani kinyume cha sheria, takriban tani 900,000, na wananchi wa Teshima wakapambana miaka na miaka mpaka makubaliano ya mwaka 2000, taka zikawa zinabebwa kwa meli kwenda kusafishwa Naoshima, kazi iliyoisha 2017. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu watu wakiona picha za lile jumba jeupe la sanaa la Teshima kama tone la maji katikati ya mashamba ya mpunga wanadhani sanaa ndo iliyosafisha kisiwa. Hapana. Wazee wa pale ndo walipigania kusafishwa, sanaa ikaja baadaye ikakuta mahali penye heshima.

Haya, mikono ya watu.

Naoshima kuna kitu kimoja ambacho kwangu ndo kilele cha mradi wote na wala sio lile sanamu la boga la njano la msanii Yayoi Kusama linalopigwa picha na kila mtu. Ni nyumba inaitwa Kadoya, kijiji cha Honmura. Nyumba ya zamani, ilikuwa tupu, ikatengenezwa upya mwaka 1998, ikawa ya kwanza kwenye mradi wa nyumba za sanaa. Ndani badala ya sakafu kuna bwawa la maji meusi kidogo na ndani ya maji kuna taa za namba za LED 125, kila moja inahesabu kwa spidi yake, 1 mpaka 9, nyingine haraka mpaka jicho linachoka nyingine polepole mno. Msanii ni Tatsuo Miyajima. Ila spidi hakuiweka yeye. Aliita watu 125 wa kisiwani, mdogo ana miaka 5 na mkubwa 95, kila mmoja akaamua namba yake iende kwa mwendo gani. Basi bibi akiingia na mgeni anaweza kumwonyesha ile pale ni yangu. Mpaka hapo wenyeji wengi walikuwa wanaiona sanaa kama jambo la kampuni kule kusini, na baada ya hii nyumba ikaingia mtaani kwao, watu wakaanza kuwaelekeza wageni njia, wakatundika mapazia ya kutiwa rangi milangoni, wakafungua vyumba vya kulala wageni na migahawa midogo. Hela ilitumika kidogo ukilinganisha na majumba ya sanaa ya msanifu Tadao Ando kule mlimani, matokeo makubwa zaidi.

Kwa sababu hayo majumba, na nayapenda, kama lile la Chichu la mwaka 2004 lililochimbwa chini ya ardhi ili lisiharibu mlima, lina kazi za wasanii Monet na Turrell na De Maria, ni kazi ya kiwango cha juu kabisa duniani, lakini mkono wa mwenyeji pale ni kukata tiketi na kusafisha. Ni ajira, siidharau. Ila haibadilishi mtu anavyojiona.

Fogo wao mikono ndo walianzia. Cobb mwanzoni alitoa skolashipu vijana wasome, na mama mmoja wa kisiwani akamwambia unawalipia watoto wetu waondoke. Ndipo mpango ukageuka. Wakaanza na mashua za mbao za kupiga makasia ambazo mafundi wake walikuwa wanazeeka bila wa kuwarithi, wakaanzisha mashindano ya mbio za hizo mashua ili kuwe na sababu ya kuzitengeneza. Wakajenga studio za wasanii kando ya miamba, msanifu Todd Saunders, ni mtu wa Gander hapohapo Newfoundland anayefanya kazi Norway, na wasanii wa nje wanakuja kukaa na kufanya kazi. Alafu 2013 ikafunguliwa hoteli, vyumba 29 tu, imesimama juu ya nguzo vile vile majukwaa ya wavuvi wa zamani yalivyosimama juu ya maji. Viti, meza, vitanda vilibuniwa na wabunifu wa nje wakishirikiana na mafundi wa mashua, mablanketi ya viraka yameshonwa kwa mkono na wanawake wa kisiwani. Ile karakana ya samani sasa inauza nje, fundi aliyejua kukunja mbao za mashua anakunja mbao za kiti, ujuzi uleule.

Hapa Fogo inashinda kwangu. Sanaa ya wageni inakuja na kuondoka lakini mikono ya fundi inabaki na kazi hata msanii akiondoka.

Sasa hela, na hapa naomba usome polepole kama kweli unataka kuchagua.

Fogo: Cobb na kaka zake walianzisha taasisi ya hisani inaitwa Shorefast. Yeye aliweka mamilioni yake, serikali ya Kanada na ya mkoa zikaweka pia. Hoteli ni ya hiyo taasisi. Ziada ya hoteli inarudi kwenye miradi ya kisiwa. Na wanafanya kitu nimekipenda mno, wanatoa lebo kama ile ya kwenye pakiti ya chakula inayoonyesha sukari kiasi gani na mafuta kiasi gani, ila yao inaonyesha hela uliyolipa kwa chumba imegawanyikaje: mishahara asilimia kadhaa, vyakula asilimia kadhaa, ziada asilimia kadhaa, na ngapi imebaki kisiwani, ngapi mkoani, ngapi imeenda nje. Mwanakijiji yeyote anaweza kuisoma. Kasoro yake ni kwamba chumba kinaenda zaidi ya dola 2,000 za Kanada kwa usiku, na hiyo maana yake mradi mzima umeegemea watu wachache wenye uwezo mkubwa, wakisita kusafiri (kama ilivyotokea 2020) unayumba.

Naoshima: Fukutake ana falsafa kwamba kampuni itengeneze faida kisha hisa ziwekwe kwenye wakfu, gawio la kila mwaka ndo liendeshe sanaa, ili isitegemee kuombaomba kila mwaka. Ni wazo zuri sana na limefanya kazi miaka mingi. Majumba mengi yako chini ya wakfu, hoteli ya Benesse ni ya kampuni. Wenyeji hela yao inakuja pembeni, kwenye vyumba vya wageni, chakula, baiskeli za kukodi, kivuko. Na inakuja nyingi, maana tangu 2010 kuna tamasha la sanaa la visiwa kadhaa vya bahari ile (Setouchi Triennale) kila baada ya miaka mitatu, la kwanza tu walitegemea watu laki tatu wakaja karibu 938,000. Udhaifu ni kwamba mwananchi wa kawaida hana sauti kwenye kampuni, na kampuni ikibadilika mambo yanaweza kubadilika, Benesse yenyewe ilitolewa soko la hisa 2024. Sisemi itaharibika, mwaka 2025 wamefungua jumba jipya kabisa pale Naoshima. Nasema tu ufunguo uko mfukoni mwa nani.

Je, watu wamerudi? Nataka tuwe wakweli hapa kwa sababu tajiri akiahidiwa kwamba sanaa itajaza kijiji watu atakata tamaa mwaka wa tano. Fogo sensa ya 2011 ilikuwa watu 2,395, mwaka 2016 wakawa 2,244, mwaka 2021 wakawa 2,117. Bado wanapungua. Naoshima ilishawahi kuwa na zaidi ya 7,000 enzi za kiwanda na sasa ni kama 3,000. Kwa hiyo hakuna aliyegeuza mto urudi mlimani. Kilichotokea ni kwamba walio pale wana kazi na wana sababu, na kuna sehemu ndogondogo imegeuka kweli: kisiwa cha Ogijima, kimoja cha visiwa vya lile tamasha la Japani, ni kidogo sana, shule ilikuwa imefungwa, baada ya tamasha la 2013 familia kadhaa zikaamua kurudi na watoto na shule ikafunguliwa tena 2014. Familia chache tu. Lakini kwa kisiwa kile ni jambo la kulia machozi, kwa kweli.

Na muda. Toka meya na mzee Fukutake wapeane mkono mpaka nyumba ya Kadoya ni miaka 13, mpaka tamasha la kwanza ni 25. Fogo ilichukua kama muongo mmoja toka taasisi mpaka hoteli. Anayetaka matokeo kabla ya uchaguzi ujao au kabla ya ripoti ya mwaka aweke hela yake kwenye kisima, atafanya jambo jema zaidi.

Hiyo mingine sasa, harakaharaka.

Marfa, Texas. Msanii Donald Judd alihamia mji wa jangwani miaka ya 1970, wakfu wa Dia wenye hela za familia ya mafuta ukamwezesha, akaweka masanduku 100 ya alumini kwenye mabohari ya zamani ya jeshi, na taasisi ya Chinati ikafunguliwa 1986. Kazi zenyewe ni nzuri ajabu. Ila nyumba za udongo za kienyeji zikawa fasheni, wageni matajiri wakazinunua, na kufika 2017 mamlaka ya kodi ikaanza kuzikadiria nyumba za udongo juu kuliko nyingine, na waliokuwa wakiishi humo miaka yote ni familia za kipato cha chini zenye asili ya Meksiko. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na ndo maana lazima mtu apange isiwe hivyo, ardhi na nyumba ziwekewe utaratibu kabla wageni hawajaanza kuja, sio baada.

Inhotim, Brazili, mji wa Brumadinho. Bernardo Paz, tajiri wa madini, alifungua bustani yake na mkusanyiko wake kwa umma 2006, hekta kama 140, miti na sanaa pamoja. Aliishi humohumo ndani. Kwa miaka mingi taasisi na mtu vilikuwa kitu kimoja, akitikisika yeye inatikisika. Uenyekiti aliuacha 2017, na 2022 akaikabidhi taasisi mamia ya kazi zake. Kama una tajiri wa aina hii, mwombe akabidhi mapema.

Na Thread, Sinthian, mashariki ya Senegal, mkoa wa Tambacounda. Hii ilifunguliwa 2015, hela za wakfu wa Josef na Anni Albers, msanifu Toshiko Mori. Kuta za matofali ya udongo, mianzi, paa la nyasi lenye mkunjo ambalo mvua ikinyesha maji yanashuka kwenye matangi, na yanatosheleza kama asilimia 40 ya mahitaji ya maji ya kijiji. Msanii anakuja kukaa na kufanya kazi, na palepale kuna mafunzo ya kilimo, vikao, ngoma, watu wanachaji simu. Walijenga wenyeji kwa vifaa wanavyovijua, nyasi zikichakaa hakuna wa kuagizwa kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo nani achague ipi.

Kama kijiji kina ujuzi wa mikono unaokufa (mashua, ususi, ufumaji, uhunzi, chochote) na kina ushirika au kikundi kilichowahi kukaa pamoja, nenda na Fogo, hata kama hujengi hoteli. Chukua karakana, chukua ile lebo ya mgawanyo wa hela, umiliki uwe wa taasisi na sio wako. Kama kijiji kina nyumba nyingi tupu, kiko karibu na mji mkubwa au njia ya wageni, na tajiri ana kampuni inayotoa gawio la uhakika, Naoshima inafaa, ila anza na nyumba moja mtaani kwa watu kabla ya jumba la mlimani. Mimi ningeanza na Kadoya yangu, jumba lingesubiri hata miaka kumi. Na kama hela ni za kawaida na mahitaji ya msingi bado hayajatimia, Thread bila kusita, jengo moja linalofanya kazi tano.

Ukipata nafasi ya kukaa na huyo mwenye hela muulize suala la matengenezo kabla ya yote. Lile boga la njano lilizolewa na mawimbi ya dhoruba Agosti 2021, likavunjikavunjika, na Oktoba 2022 likawekwa jingine jipya lenye nguvu zaidi kwa sababu kuna wakfu wenye hela ya kulirudisha. Kwenye karatasi ya mradi paandikwe bajeti ya paa kuvuja, ya taa kuungua, ya mlinzi, miaka ishirini mbele, na paandikwe hati ya ardhi inasoma jina la nani. Akisema hayo tutayaona mbele ya safari, mwambie arudi akiwa tayari.